Shamba dogo la familia: kabla hujauliza "zao gani linalipa", hesabu kwanza saa zenu

Mkokotoo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki bila mtu kuuliza humu: "Nina ekari mbili, nilime nini kinacholipa?" Majibu yanamiminika. Mmoja vitunguu, mwingine papai, wa tatu kuku wa mayai, na kila mmoja anashusha jedwali lenye sifuri nyingi upande wa mapato na mistari mitatu upande wa gharama. Aliyeuliza anashukuru, anaondoka na zao la mtu mwingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga asisubiri: kwenye shamba linaloendeshwa na familia, mtaji unaoisha haraka kuliko yote ni saa za watu wa nyumbani, na karibu hakuna anayeziandika. Njia nyingi zinazoitwa endelevu zinafaa au hazifai kulingana na saa zinazokula, na zinazila kipindi gani cha mwaka.

Na kwa anayedhani shamba dogo ni kitu cha pembeni: mashamba yasiyozidi hekta mbili ni zaidi ya asilimia 80 ya mashamba yote duniani, yanakalia kama asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo, na kwa makadirio ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) yanatoa karibu theluthi moja ya chakula. Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2019 hadi 2028 kuwa Muongo wa Kilimo cha Familia. Kuzalisha tunajua. Kubaki na kitu mkononi ndiko kunakotushinda.

Tuanze na daftari. Gawa shamba vipande, kila kipande kipe namba. Kila jioni andika tarehe, kipande, kazi, nani kaifanya, saa ngapi. Mstari mmoja tu: "K3, palizi ya kwanza, watu watatu, saa nne nne." Hizo ni saa 12 tayari, na bado hujagusa mbolea.

Mwisho wa msimu fanya hesabu hii kwa fedha yoyote unayotumia. Zao A limeuzwa 900. Ulichonunua (mbegu, mbolea, dawa, usafiri, vifungashio) ni 400, limebaki 500. Saa zilizoingia ni 250, kwa hiyo kila saa imelipwa 2. Zao B limeuzwa 500, gharama 140, limebaki 360, saa 90. Kila saa imelipwa 4. Kama vipande vina ukubwa sawa, kwa ardhi A limeshinda. Kwa saa, B limelipa mara mbili yake.

Lipi bora? Angalia kipi kimekubana. Mwenye ardhi finyu na watu wengi nyumbani agawanye kilichobaki kwa mita za mraba. Mwenye ardhi ya kutosha na mikono miwili agawanye kwa saa. Mwenye mtaji kiduchu agawanye kwa kile alichotoa mfukoni. Ndiyo maana zao lililomtoa jirani linaweza kukuzamisha wewe, na wote wawili mmelima vizuri.

Kuna jambo jingine: saa hazina uzito mmoja. Saa ya palizi wakati magugu na mazao vinashindana ni ghali mno, ukiikosa huwezi kuilipa baadaye. Saa ya kiangazi, mazao yakiwa ghalani, ni rahisi. Weka alama kwenye daftari, saa za msongamano kwa kalamu nyekundu. Nitalirudia hili.

Nakaribisha maswali kabla sijaingia kwenye udongo.

Jembe Halilali

Niko siti ya mbele. Ila mkuu hapo kwenye saa umenipoteza. Nguvukazi ya familia ni bure, ndiyo faida yenyewe ya shamba la familia. Unataka nimlipe mke wangu mshahara?

Mkokotoo

Sijasema umlipe, mkuu, nimesema uzihesabu. Kwenye daftari nyingi za wakulima utakuta kibarua wa siku mbili kaandikwa na kulipwa, lakini aliyeamka alfajiri kuchota maji ya kitalu msimu mzima haonekani popote. Mara nyingi huyo ni mama. Sasa ukisikia umwagiliaji wa ndoo "hauna gharama", jiulize hauna gharama kwa nani. Ukiona kwenye daftari kwamba maji peke yake yamekula saa 100, pipa lililoinuliwa na mipira ya matone linaacha kuonekana anasa, linakuwa hesabu ya kawaida: limegharimu kiasi gani, limerudisha saa ngapi, na saa hizo zimekwenda kufanya nini.

Saa yenye bei sifuri huwa inatumika hovyo, ndivyo tulivyo binadamu.

Tetea Mweupe

Naomba tuongelee kuku wa mayai. Kila mtu anasema wanalipa. Nina nafasi ya kuku 100.

Mkokotoo

Dada (au kaka, jina halisemi), hesabu ya kuku ni nyepesi kuliko mazao kwa sababu kuku anakula kwa kipimo. Kuku wa mayai wa kisasa anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 11 hadi 12. Wakitaga vizuri kwa asilimia 80, unaokota mayai 80. Gawanya: kila yai limekula karibu gramu 145 za chakula. Nenda kapime bei ya gramu 145 za chakula hapo ulipo. Chakula huwa asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote, kwa hiyo kama yai limekula chakula cha 6 kwa fedha yako, gharama yake kamili ni 9 au zaidi. Linganisha na bei ya yai kwa jumla, usilinganishe na ile ya rejareja unayoiona dukani.

Na usisahau kwamba kutoka kifaranga hadi yai la kwanza ni wiki 18 hadi 20, anakula tu bila kurudisha. Fedha hiyo iwepo kabla hujaleta kifaranga hata mmoja.

Mahali ambapo kuku wanalipa kwenye shamba mchanganyiko ni pale mbolea yao inapoingia kwenye hesabu. Ukiuza mayai kwa faida nyembamba lakini ukaacha kununua sehemu ya mbolea ya bustani, andika na hiyo upande wa mapato. Wengi hawaiandiki, wanahitimisha kuku ni hasara.

Tetea Mweupe

Ni dada. Nimepiga hesabu sasa hivi na kalamu, imebaki kidogo sana. Asante kwa kuniokoa, au kuniharibia ndoto, sijui kipi.

Mkokotoo

Haya, udongo.

Kabla ya kununua mfuko wa mbolea, pima udongo. Vipimo vingine ni vya maabara, vingine ni vya macho. Kwa maabara, tembea shamba kwa mtindo wa zigizaga, chukua udongo sehemu 15 hivi, kina cha sentimita 20, changanya wote kwenye ndoo safi ya plastiki, peleka nusu kilo. Usichote karibu na njia, kichuguu wala pale samadi iliporundikwa, utapata picha ya uongo. Kipande kinachoonekana tofauti kipimwe peke yake.

Namba ya kwanza kuitazama ni pH, yaani kipimo cha tindikali. Ikishuka chini ya 5.5, fosforasi unayoweka inashikwa na udongo na aluminiamu inaanza kuumiza mizizi. Unaweka mbolea, mmea hauioni. Hapo chokaa ya kilimo inatangulia, na mara nyingi ni rahisi kuliko mbolea utakayoipoteza. Wako watu wanabadilisha aina ya mbolea kila msimu na kulaumu mbegu, kumbe shida ni tindikali.

Kipimo cha macho ninachokipenda ni cha mikunde. Maharage yakianza kutoa maua, chimba mche mmoja taratibu, usiuvute, utaacha vinundu ardhini. Suuza mizizi. Utaona vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kinachofanyika. Na kama hakuna vinundu kabisa, basi ile hesabu ya "nitapanda mikunde irutubishe" ifute mpaka ujue sababu: pengine tindikali, pengine fosforasi imekosekana, pengine bakteria wa zao hilo hawamo na mbegu ilihitaji kuchanganywa na chanjo yake.

Mboji nitaigusa kwa kifupi kwa sababu nyuzi zake zimejaa. Lundo liwe na angalau mita moja kila upande, vikavu viwe vingi kuliko vibichi, unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Lifike nyuzi joto 55 hadi 65 ili mbegu za magugu na vimelea vife. Chomeka fimbo katikati, iache dakika kumi, itoe uishike. Kama unaweza kuishika kwa raha, lundo limepoa, ligeuze.

Samadi Tupu

Mimi nanunua samadi kwa wafugaji, msimu mmoja nyanya zilijikunja majani kama ferni, zikadumaa. Wataalamu wakasema virusi. Msimu uliofuata nikahamisha nyanya, kipande kile kile kikafanya vile vile kwa maharage.

Mkokotoo

Mkuu, virusi vinawezekana, lakini nyanya na maharage kwa pamoja, kwenye kipande kile kile, ningeishuku samadi. Kuna viuagugu vya malisho, aminopyralidi ni mojawapo, vinavyoua magugu ya majani mapana. Ng'ombe akila nyasi zilizopuliziwa, kemikali inapita tumboni na kutoka kwenye kinyesi ikiwa bado na nguvu, na inaweza kuvumilia hata kwenye mboji. Nyasi na mahindi hayadhuriki, nyanya na mikunde ndiyo inaumia.

Kupima hakuhitaji maabara. Chukua vyungu au makopo sita. Matatu jaza udongo wako uliochanganywa na samadi hiyo, matatu udongo mtupu usio na samadi. Panda maharage kwenye yote, mwagilia sawa, subiri mpaka majani halisi matatu yatoke. Ya samadi yakijikunja na mengine yakanyooka, umepata jibu kabla hujamwaga tani nzima shambani. Na muulize mfugaji anapulizia nini malishoni, aghalabu hata yeye hajui madhara yake.

Mstaafu wa Ugani

Nimesoma kimya, sasa niseme. Nimefanya ugani maisha yangu yote, na vijana wa "endelevu" mna tabia ya kuwaaminisha watu kwamba mboji na mikunde vinatosha. Tani moja ya punje za mahindi inaondoka shambani na naitrojeni kilo 12 hadi 16, na fosforasi na potasiamu kilo kadhaa kila moja. Ukiuza tani tatu kila mwaka, umeuza rutuba. Mikunde inarudisha naitrojeni, sawa. Fosforasi haitoki hewani. Itatoka wapi?

Mkokotoo

Mzee wangu, shikamoo, na hapo nakubaliana nawe. Shamba linalouza punje nje linauza madini, na samadi ya mifugo inayolishwa mabua ya shamba hilo hilo inazungusha tu kilichopo, haiongezi. Kinachoongeza ni kitu kinachoingia kutoka nje: chakula cha kuku ulichonunua, malisho ya pembezoni, au mfuko wa mbolea. Sipingi mfuko. Napinga kuumwaga.

Wakulima wa Sahel, ule ukanda mkavu kusini mwa Sahara, wamefanya kazi nzuri na mbolea kidogo kidogo: kifuniko kimoja cha chupa ya soda, kama gramu 6 za NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu), kwenye kila shimo la mtama au uwele, badala ya kutawanya shamba zima. Mmea mchanga unaipata pale pale ulipo. Changanya na samadi ndani ya shimo na udongo unashika maji pia. Kwa mwenye mtaji mdogo hiyo ina maana kuliko mjadala wa asili dhidi ya kemikali.

Mstaafu wa Ugani

Marahaba. Hapo tumeelewana. Endelea.

Mkokotoo

Sasa turudi kwenye zile saa nyekundu, maana ndipo njia nyingi zinaposifiwa au kulaaniwa bila sababu.

Wengi mmesikia habari za Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, aliyefariki mwaka 2023. Alichukua mashimo ya jadi ya zai, akayapanua na kuyajaza samadi, akafufua ardhi iliyokuwa ngumu kama saruji, na mwaka 2018 akatuzwa tuzo ya Right Livelihood. Kuchimba zai kunakula mamia ya saa kwa hekta. Kwenye karatasi ni wazimu. Ila yeye alichimba kiangazi, mvua hazijaja, wakati wengine wamekaa. Zile ni saa nyepesi. Mashimo yakanasa mvua za kwanza, mchwa wakavutwa na samadi wakatoboa udongo kwa ndani, na kazi ilipofika msimu wa msongamano ilikuwa imekwisha.

Linganisha na kilimo shadidi cha mpunga, maarufu kama SRI, kilichoanzishwa na padri Mjesuti Henri de Laulanié huko Madagaska mnamo 1983. Miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, maji yanaingia na kutoka badala ya kusimama muda wote. Unaokoa mbegu nyingi mno na maji. Lakini maji yasiposimama, magugu yanafurahi, na palizi inaongezeka pale pale kwenye wino mwekundu. Familia yenye kipalizi cha kusukuma na watu wa kukisukuma inashangilia. Familia isiyo nacho inaiacha baada ya msimu mmoja na kusema SRI ni porojo. Wote wanasema kweli.

Na kuna njia ambazo hazili saa karibu kabisa. Kisiki hai ni mojawapo. Tony Rinaudo, akiwa Niger mwaka 1983, aligundua kwamba vichaka alivyovidhania magugu ni visiki vya miti iliyokatwa, mizizi bado hai. Ukichagua machipukizi machache kwa kila kisiki na kupunguza mengine, mti unarudi bila kitalu, bila kumwagilia, bila kununua mche. Niger ilifunika zaidi ya hekta milioni tano kwa namna hiyo. Unatembea na panga kiangazi, basi.

Mama Matuta

Kaka Mkokotoo, nina kiduha (lile gugu linalojishika kwenye mizizi ya mahindi), na bungua wanaotoboa mabua, vyote. Nimeng'oa mpaka mgongo umekataa. Hii ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi inafanya kazi au ni ya kwenye semina?

Mkokotoo

Inafanya kazi, dada, na naona inakufaa wewe hasa. Mfumo wenyewe ulitengenezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kuanzia miaka ya 1990, na majaribio mengi yalifanyika Mbita kando ya Ziwa Viktoria. Desmodiamu inapandwa katikati ya mistari ya mahindi, harufu yake inawafukuza nondo wa bungua. Pembeni kuzunguka shamba unapanda matete au nyasi za brakiaria, nondo wanavutwa huko kutaga. Chini ya ardhi, mizizi ya desmodiamu inaifanya mbegu ya kiduha iote halafu ishindwe kujishika kwenye mhindi, inakufa. Kiduha kimoja kinaweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu, na zinakaa ardhini zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo kung'oa pekee hakukupeleki popote.

Upande wa pili wa daftari: desmodiamu ni mkunde, inaongeza naitrojeni, na yenyewe pamoja na matete ni malisho. Kama una mbuzi au ng'ombe wa maziwa, umepata zao la tatu kwenye ardhi ile ile. Kama huna mfugo wala jirani wa kumuuzia majani, nusu ya faida inapotea, nakuambia kabisa.

Fundi Mizinga

Ninayo, naomba niongeze. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo kama vumbi, ukiifukia sana haioti. Changanya na mchanga mkavu, pitisha mfereji wa kidole kimoja, funika kwa kupapasa tu. Msimu wa kwanza ndio mgumu, inakua polepole na magugu yanaifunika, unapalilia kwa mkono ukiitafuta. Ikishika, inatandaa yenyewe, palizi inapungua sana. Na mbegu ni ghali, mimi nilipanda eneo dogo nikawa nakata vipande vya shina na kuvipandikiza kwenye eneo jingine. Msilime tena kwa kina kwenye kipande hicho, mtaing'oa.

Mama Matuta

Hapo kwenye "msimu wa kwanza ndio mgumu" nimeelewa zaidi kuliko semina nzima. Nianze na kipande gani?

Mkokotoo

Kile kilichoathirika sana, lakini ukubwa ambao unaweza kuupalilia mwenyewe mara mbili hata kama hakuna msaada. Ukianza na ekari nzima, magugu yatashinda na utaichukia njia yenyewe.

Hilo linanipeleka kwenye kujifunza. Mwaka 1989 Indonesia, FAO na serikali walianzisha mashamba darasa ya kwanza kwenye mpunga. Wadudu wa kahawia walikuwa wameangamiza mashamba, na chanzo kikubwa kilikuwa dawa zenyewe: ziliua buibui na walaji wengine wa wadudu, wadudu hao wa kahawia wakabaki bila adui. Mwaka 1986 serikali ilikuwa tayari imepiga marufuku dawa 57 kwenye mpunga. Sasa mkulima afanye nini bila dawa? Wakakaa vikundi vya watu 25 hivi, wanakutana kila wiki msimu mzima, wanaingia shambani, wanahesabu wadudu kwenye mashina, wanachora walichokiona, walaji upande huu na wanaoliwa upande ule, kisha wanaamua pamoja: tupulizie au tusubiri? Kipande kimoja wanakifanya kama zamani, kingine kwa njia mpya, na mavuno yanaamua ugomvi.

Kwako nyumbani ifanye hivyo hivyo. Mstari mmoja mpya kando ya mstari wa zamani, badiliko moja kwa wakati. Ukibadilisha mbegu, nafasi na mbolea kwa pamoja, mavuno yakipanda hujui umshukuru nani.

Jembe Halilali

Mkuu nimeanza kukuelewa. Lakini hujagusa soko, na ndiko tunakouawa. Nyanya nalima vizuri, zinafika sokoni siku moja na za dunia nzima.

Mkokotoo

Soko nina mawazo matatu, hayalingani uzito.

La kwanza ni kuuza kabla ya kupanda. Japani tangu miaka ya 1970 kuna utaratibu wa teikei, familia za walaji zinaungana na mkulima moja kwa moja. Marekani mashamba mawili, moja Massachusetts na jingine New Hampshire, yalianza kitu kinachofanana nacho mwaka 1986: mteja analipia sehemu ya mavuno mwanzoni mwa msimu, anapokea kikapu kila wiki. Mkulima anapata mtaji bila riba. Jean-Martin Fortier wa Quebec amejulikana kwa kuendesha familia kwa ekari moja na nusu ya mboga kwa kuuza moja kwa moja namna hiyo, bila trekta kubwa. Kinachonivutia kwake ni matuta yote kuwa upana mmoja, sentimita 75 hivi, na urefu mmoja. Kila turubai, kila mpira wa maji, kila chombo kinaingia kila tuta. Saa zinaokolewa hapo, na hakuna anayeziona. Ila onyo: kikapu cha kila wiki ni deni. Nyanya zikigoma, wateja bado wanasubiri kitu. Usianze na familia 50, anza na chache unazoweza kuziangalia usoni ukiwa na kikapu chembamba.

La pili ni kupanda kwa awamu. Badala ya miche yote siku moja, sehemu moja kila baada ya wiki mbili au tatu. Utakosa bei ya juu kabisa, utakwepa na shimo la bei ya chini. Na palizi inagawanyika.

La tatu, kwa nafaka na maharage, ni kuhifadhi. Wengi wanauza wakati wa mavuno bei ikiwa chini, kwa sababu wadudu wa ghalani wanawatisha kuliko dalali. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inawaua wadudu bila dawa: wanapumua oksijeni iliyomo, inaisha, wanakoma kula na kuzaana. Teknolojia hiyo ilianza na Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Afrika Magharibi mwishoni mwa miaka ya 1980. Masharti ni mawili: mfuko usitoboke, na nafaka iwe kavu kwelikweli. Ukifunga mbichi unatengeneza ukungu, na sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu huo, haiondoki kwa kupika.

Mama Matuta

Kavu kiasi gani? Kipimo cha unyevu hatuna.

Mkokotoo

Chumvi. Anika chumvi juani au ipashe kwenye kikaango mpaka iwe kavu isiyoshikana, iache ipoe. Chukua chupa safi iliyokauka ndani, jaza mahindi mpaka theluthi, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi hiyo, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini na ukuta ukabaki safi, uko chini ya 15. Kwa mifuko ya kubana hewa inatakiwa 13 hivi, kwa hiyo ukishafaulu kipimo endelea kuanika, halafu funga mahindi yakishapoa, siyo yakiwa na joto la jua.

Chota sampuli chini ya rundo na katikati pia, siyo juu tu.

Jembe Halilali

Chupa ya plastiki inafaa?

Mkokotoo

Inafaa kama ni angavu na kifuniko kinabana. Hakikisha tu ni kavu kabisa ndani. Ukiisuuza asubuhi na kuitumia mchana, chumvi itagandia maji ya chupa na utarudisha juani mahindi yaliyokwisha kukauka.